Siha ya Watoto: Bandama Inapovimba

Katika miji iliyo kando ya njia ya kale ya misafara, tokea Tabora hata Ujiji, maradhi ya bandama hayakuwa mageni kwa wazee wetu. Burton na Speke walipofika Kazeh mwaka 1857, homa zilikwisha kuwadhoofisha, na wapagazi hawakusalimika. Malaria irudiayo mara kwa mara huivimbisha bandama. Ndiyo maana madaktari wa zamani, wakitaka kujua ukali wa malaria mahali, waliwapapasa watoto matumbo na kuwahesabu wenye bandama kubwa.

Kwa hiyo mama aonapo kitu kigumu chini ya mbavu za kushoto za mwanawe, huambiwa upesi kuwa ni bandama, achanjwe chale. Nasi twasema wazi: chale haziponyi, bali huleta vidonda. Wala tumbo lisikandwe, maana bandama iliyovimba yaweza kupasuka.

Kwanza damu ipimwe malaria na selimundu. Mtoto wa selimundu ambaye bandama imekua ghafula, naye amepauka na kulegea, asingojewe hata asubuhi. Damu yake inajikusanya ndani ya bandama, na aweza kufa kwa saa chache.

Mara chache sana vipimo hivyo havionyeshi kitu. Hapo huenda mna uvimbe usio wa saratani: fundo la mishipa ya damu, au kifuko cha maji, au nyama ya bandama yenyewe iliyokua pasipo mpango. Mkono wa daktari hauwezi kuyatofautisha haya; yahitajiwa picha ya ultrasaundi, isiyo na maumivu, na pengine safari ya hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza. Kuitoboa bandama kwa sindano si jambo la kukimbiliwa, kwani imejaa damu.

Uvimbe mdogo usiosumbua huachwa, ukaangaliwa kwa picha kila baada ya miezi kadhaa. Ukiwa mkubwa na wenye maumivu hukatwa, na mpasuaji mwangalifu hujitahidi kubakiza sehemu iliyo nzima. Wazazi wamwulize hilo bila ya haya, kwa sababu bandama ni mlinzi wa damu, hasa kwa mtoto wa chini ya miaka 5. Ikilazimu kuondolewa yote, mtoto apate chanjo za nimonia na za homa ya uti wa mgongo, ikiwezekana wiki 2 kabla ya kupasuliwa, kisha penisilini kila siku kwa miaka, na alale ndani ya chandarua. Homa yake yoyote, hata ndogo, ni ya kupelekwa hospitali siku ile ile; na mwalimu wake wa skuli na wa chuo waelezwe habari hiyo mapema.