Kwa Baiskeli hadi Lismore

Ndugu msomaji, Jumapili ya leo ukurasa wetu umepanda baiskeli. Najua wapo watakaoguna. Kwetu sisi baiskeli ni chombo cha kuchukulia magunia ya mkaa, madumu ya maji na mikungu ya ndizi, na mtu mzima akionekana anaiendesha kwa matembezi tu, majirani hudhani mshahara wake haujatoka. Nami nilikuwa na fikra hizo hizo mpaka mwanzoni mwa Juni 2025, nilipokwenda kumtembelea binti yangu, ambaye ni muuguzi katika mji wa Waterford, kusini mashariki mwa Ayalandi.

Siku ya pili baada ya kufika, aliniuliza, "Baba, bado waweza kuendesha baiskeli?" Nikamjibu kwamba jambo hilo mtu halisahau. "Basi kesho tunakwenda Lismore," akasema. Nilipoitazama ramani niliona kwamba, kwa njia za kuzunguka alizozichagua, Lismore iko kiasi cha kilometa 75 kutoka pale. Lakini neno lilikwisha kunitoka, na mzazi hakimbii mbele ya mwanawe.

Siku ya kwanza ilikuwa nyepesi. Kutoka Waterford hadi Dungarvan kuna njia ya kilometa 46 isiyoruhusiwa gari, iliyojengwa juu ya tuta la reli ya zamani. Treni za abiria zilikoma kupita hapo mwaka 1967, na njia hii ya baiskeli ikafunguliwa mwaka 2017. Uzuri wa kurithi reli ni kwamba garimoshi halipendi vilima vikali. Wahandisi wa kale walikwisha kuvichonga vilima na kuyavuka mabonde kwa madaraja, na leo mzee wa miaka 63 anateleza juu ya jasho la watu ambao hata majina yao hayajui. Pale Kilmacthomas tulivuka daraja la mawe lenye matao manane. Karibu nalo lingali limesimama jengo kubwa la kijivu, lililokuwa nyumba ya mafukara, ambamo waliosukumwa na umaskini walipewa chakula kidogo kwa kazi ngumu. Lilijengwa enzi za Njaa Kuu ya miaka ya 1845 hadi 1852, viazi vilipoozea ardhini, watu wapatao milioni moja wakafa na wengine kiasi hicho wakaihama nchi. Leo watu hushuka hapo wakanywa kahawa. Nilikunywa na mimi, ila sikukaa sana.

Kesho yake, tulipouacha mji wa Dungarvan na kuikwepa barabara kuu, ndipo nilipoijua nchi yenyewe.

Fikiri, ndugu msomaji, njia ya lami nyembamba kiasi kwamba trekta moja huijaza yote, na katikati yake, mahali magurudumu yasipogusa, umeota mstari wa majani mabichi kama mshono wa nguo. Kuume na kushoto kuna kuta za miti ya miiba, ndefu kuliko mtu, ambayo wakati huo ilikuwa bado na maua meupe yaliyochelewa kupukutika. Chini yake yalichomoza maua marefu ya zambarau yenye umbo la vikombe. Huoni mbele wala pembeni. Kisha ghafla hutokea lango la chuma, na kupitia lango hilo waliona bonde zima, kijani juu ya kijani, na ng'ombe weusi kwa weupe wakikutazama kana kwamba wewe ndiwe habari ya siku hiyo. Unapita, ukuta unafunga tena, nawe unabaki na sauti ya mnyororo wako na ya ndege.

Wakulima wa huko hawakukusanyika katika vijiji kama vyetu. Kila familia hukaa katikati ya shamba lake, na kila nyumba lazima iwe na pa kutokea, ndiyo maana njia hizo ni nyingi kama mishipa ya jani. Katika lugha ya Kiayalandi huitwa bóithrín, yaani barabara ndogo. Na hilo neno lenyewe la barabara, bóthar, asili yake ni bó, ng'ombe. Nilifurahi sana kulisikia jambo hilo, kwa maana mimi nami nimekulia kwenye njia zilizochorwa na kwato.

Desturi moja ilinivutia kuliko zote. Kila dereva tuliyekutana naye, hata yule wa lori la maziwa, aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani wake kutusalimu. Kidole kimoja tu, bila tabasamu. Binti yangu alinieleza kwamba kutoinua kidole ndiko kunakohesabiwa utovu wa adabu. Mimi, kwa kuwa sikuthubutu kuondoa mkono wangu kwenye breki, nikawa naitikia kwa kichwa kama jongoo aliyeguswa.

Wala usidhani kwamba ni pepo tupu. Sheria inakataza kukata miti hiyo ya mipaka tangu tarehe 1 Machi hadi 31 Agosti, ila kwa sababu maalumu kama usalama barabarani, ili ndege waangue makinda yao kwa amani. Ni sheria ya utu, lakini kwa mwendesha baiskeli maana yake ni kwamba mwezi Juni kila kona ni fumbo. Mpaka mwanzoni mwa 2025 gari liliruhusiwa kwenda kilometa 80 kwa saa katika njia kama hizo. Tangu Februari mwaka huo kiwango kikashushwa hadi 60, na mimi niliyezipitia nasema hata hizo 60 ni nyingi. Nafuu ni kwamba huko nao huendesha upande wa kushoto, kama kwetu. Tena kuna upepo. Mara nyingi huvuma kutoka kusini magharibi, nasi tulikuwa tunaelekea magharibi. Mvua ilitunyeshea mara nne kabla ya adhuhuri, na kila mara jua likatoka kutuanika.

Kabla hatujafika Cappoquin, gurudumu langu la nyuma lilitoboka. Binti yangu akatoa simu yake kutafuta fundi. Nikamwambia aiweke. Nilipindua baiskeli, nikachomoa mpira wa ndani, nikautumbukiza katika dimbwi la kando ya njia mpaka mapovu yakanionyesha tundu, nikasugua, nikabandika kiraka. Alinitazama kama mtu aliyegundua kwamba baba yake anajua Kilatini. Nikamkumbusha kwamba hata mpira huo wa hewa una habari yake katika kisiwa hicho: mwaka 1887, huko Belfast, daktari wa mifugo mzaliwa wa Uskoti, John Boyd Dunlop, alimfungia mwanawe mipira ya hewa kwenye magurudumu ya baiskeli yake ndogo ya miguu mitatu ili asitikiswe, na mwaka uliofuata akaisajili kazi hiyo. Ni baba tu na mwanawe.

Lismore ni mji mdogo kando ya mto Blackwater, na ngome yake ya kale imesimama juu ya maji. Lakini binti yangu hakunileta kwa ajili ya ngome. Alinileta kwa ajili ya Dervla Murphy.

Mama huyo alizaliwa huko mwaka 1931, na alipotimiza miaka kumi wazazi wake walimpa baiskeli iliyokwisha kutumika, na babu yake akampa kitabu cha ramani. Siku chache baadaye, akipanda kilima kimoja jirani na mji, aliitazama miguu yake ikizungusha pedali akawaza kwamba akiendelea hivyo tu atafika India. Hakumwambia mtu mzima yeyote. Alipokuwa na miaka 14 alitolewa shule kumuuguza mama yake, aliyelemazwa na ugonjwa wa viungo, na kazi hiyo ilimshika hadi mama alipofariki mwaka 1962. Alipopata nafasi, aliponea kwenye safari fupi za baiskeli. Januari 1963 alipanda baiskeli yake akaenda mpaka India, peke yake. Mwaka 1992, akiwa na miaka 60, alipita hata kwetu, kutoka Kenya hadi Zimbabwe, na kitabu alichoandika baada ya hapo kina neno letu katika jina lake: The Ukimwi Road. Alifariki huko huko Lismore mwezi Mei 2022.

Binti yangu alisimulia hayo tukiwa tumeketi darajani, naye hakujua alichokuwa akinifanyia. Dada yangu mkubwa naye alitolewa shule, mwaka 1974, kumuuguza mama yetu aliyepooza upande mmoja. Alikuwa na miaka 15. Baba alikuwa na Phoenix moja, na aliyefundishwa kuiendesha ni mimi, kwa kuwa ni mwanamume. Siku moja dada aliniomba nimfundishe jioni, watu wasipoona. Nilicheka. Nilimwuliza msichana anataka kwenda wapi kwa baiskeli. Hakurudia kuomba, na mama aliishi miaka kumi na mmoja baada ya pale.

Nikampigia simu pale pale darajani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona wahema?"

Nikamsimulia habari za yule mama mpaka mwisho, na ile jioni ya kwetu nikaitaja pia. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Huyo mwenzangu alipewa baiskeli akiwa na miaka kumi. Hapo ndipo tulipoachana njia." Hakusema kwa hasira. Nilitafuta la kumjibu, nikasema nisamehe, naye akaniambia nisimalize fedha ya watu kwenye simu.

Siku ya tatu tulipanda milima ya Knockmealdown, kufuata barabara iendayo mahali paitwapo Vee, kiasi cha meta 340 juu ya usawa wa bahari. Mteremko wote ulikuwa umetanda maua ya zambarau ya rododendroni, mmea wa kigeni ulioletwa kupamba bustani ukaishia kuivamia milima. Binti yangu alitangulia. Mimi nilishuka mara mbili nikaikokota baiskeli kwa mkono, na kila gari lililopita liliinua kidole. Nilipofika juu nilimkuta anaongea kwa simu.

"Shangazi anauliza," akaniambia, "hizi baiskeli hukodishwa kwa siku au kwa juma? Na je, zipo za kike?"