KADI 50 ZA KIJAPANI KWA SIKU NI KAUSHA DAMU, MDADA WA MBEYA APUNGUZE SIFA

Kuna mdada mmoja wa Mwanjelwa, Mbeya, jina kapuni, ambaye stori zake siku hizi hazina tena picha za misosi. Ni skrinshoti za Anki tu. Leo kadi mpya 50, kesho 50, siku ya 23 bila kukosa, mashabiki wanamwagia makopa. Wiki iliyopita kaposti kadi 940 zinamsubiri, na kijikatuni cha kulia. Halafu kimya.

Kiukweli hilo lilionekana toka mbali. Kadi mpya ni kama mkopo wa kausha damu: kuuchukua ni dakika moja, shughuli iko kwenye marejesho. Neno la leo Anki inalirudisha kesho, kisha baada ya siku chache, kisha wiki, kisha nusu mwezi. Ukikosea, linaanza upya. Watumiaji wa siku nyingi hukadiria kuwa kila kadi mpya moja ya kila siku huzaa marudio kati ya 7 na 10 kwa siku. Kadi 50 ni marudio 350 mpaka 500. Kwa sekunde 10 kila moja, hapo ni saa nzima au zaidi, hujagusa mpya, hujapika, hujafungua duka la bosi. Na Anki yenyewe ukiipakua inaanza na 20. Hiyo 50 aliifuata mwenyewe kwenye mipangilio.

Mtasema wivu. Sio wivu. Huyu dada hasomi kwa ajili ya Naruto. Anaitaka ile viza ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu ambayo Japani iliianzisha Aprili 2019, na kwa kawaida lazima ufaulu lugha, N4 ya JLPT au JFT-Basic, ukiachilia mbali mtihani wa kazi yenyewe. Akichoka akaifuta programu, kinachopotea ni safari, makopa atayapata hata kwa picha ya ndizi.

Sasa muone jamaa wa Kihesa, Iringa, muuza makava ya simu. Wafuasi hawafiki 300. Kadi mpya 10 kwa siku, basi. Asubuhi wateja hawajaanza kuja, baridi ile ya Iringa, chai ya tangawizi pembeni, anamaliza marudio kwanza, mpya zinakuja mwisho. Dakika 20 hivi. Siku ya msiba au mzigo umeingia, mpya anaweka sifuri, marudio hayaachi. Maneno kama 800 yanayotajwa kwa N5, kwa mwendo huo ni siku 80. Hakuna anayempigia makofi, ila mteja akileta utani anatajiwa bei kwa Kijapani.

Simu yake ni Android, ambako programu ni bure na inafanya kazi hata bando likikata. Wenye iPhone wanalipia. Kwa mara moja na wao waone.

Halafu Mswahili kwenye Kijapani ana bahati yake. Irabu zao ni tano kama zetu, "sakana" unaitamka siku ya kwanza. Neno lao la dubu tu ndilo usilisome kwa sauti ndani ya daladala.

Kwa hiyo mdada bado hajachelewa. 940 hazilipwi usiku mmoja. Azime mpya zote, aweke kikomo cha marudio 100, apige hizo hizo kila siku. Itachukua wiki kadhaa na itaboa, stori zitakosa cha kuonesha. Kadi inayomgomea kila siku aiweke pembeni. Anki wanaiita ruba, ukiikosea mara 8 inawekewa alama, na ruba kazi yake mnaijua.

Haya wadau mnaosoma lugha, mko kadi ngapi kwa siku? Semeni ukweli, wa Kihesa anapita kwenye komenti.