Tenda Wema, Usidai Mke

Kila tunapoijadili darasani filamu ya katuni ya Disney, *The Hunchback of Notre Dame* (1996), wanafunzi wangu hunung'unika. Quasimodo, kibiongo mpiga kengele wa Paris, alimwokoa Esmeralda motoni. Mbona basi binti huyo akamchagua Phoebus, kapteni mtanashati?

Manung'uniko hayo yana mashiko. Filamu inayohubiri kwamba sura si kitu, kisha ikamtunuku mrembo kwa mwenye sura nzuri, yajipinga yenyewe. Hata hivyo, nashikilia kuwa hawakustahili kuoana. Sarufi yetu imelisema: kupenda ni kwa mmoja, kupendana, kwa kiambishi -an-, kwahitaji wawili. Esmeralda alimpenda Quasimodo kama rafiki, wala hakumhadaa. Kumdai moyo wake uwe malipo ya kuokolewa ni kumkaribia Frollo, yule hakimu aliyemtaka achague: awe wake au achomwe.

Quasimodo mwenyewe alilitambua hilo, akaiunganisha mikono ya wapendanao.

Walimu wenzangu, wahenga walinena: tenda wema nenda zako. Hawakunena: tenda wema, kisha udai mke.