Kikitolewa ni cha Taifa, kikidaiwa ni uchochezi!

KUNA maneno mawili ambayo vigogo wa nchi hii wanayapenda kuliko hata posho za vikao. La kwanza ni "Taifa". La pili ni "uchochezi". Ukiwasikiliza kwa makini utagundua siri moja: kitu kikitoka kwa mlalahoi kwenda kwa wakubwa, kinaitwa cha Taifa. Mlalahoi akiuliza na yeye amebakiwa na nini, anaitwa mchochezi.

Ndugu msomaji, hasa wewe kijana unayelisoma gazeti hili kijiweni kwa zamu na wenzako wanne, mfano hauko mbali. Uko Mtwara, kuanzia Msimbati hadi mdomo wa Mto Ruvuma.

Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982. Ikalala ardhini zaidi ya miaka ishirini, na hakuna mkubwa aliyekwenda Msimbati kuwahutubia wavuvi juu ya uzalendo. Ilipoanza kunukia fedha, hotuba zikaanza. Desemba 27, 2012 wananchi wa Mtwara waliandamana kupinga bomba la kuipeleka gesi Dar es Salaam. Siku chache baadaye, katika salamu za mwaka mpya, Rais Jakaya Kikwete akawajibu kwamba rasilimali ni ya Watanzania wote, si ya mkoa mmoja.

Sawa kabisa! Nani alikataa? Watu wa Mtwara hawakusema gesi wapikie pweza peke yao. Walisema mitambo ya umeme na viwanda vijengwe huko huko inakotoka gesi, umeme usafirishwe kwa nyaya uende popote Tanzania, vijana wao wapate ajira. Hilo ni ombi la mtu mwenye akili timamu. Lakini kwa kuwa lilitoka kwenye midomo ya watu wa kanzu na kandambili, likapewa jina la ukabila na umajimbo.

Januari 2013 vurugu zikazuka Mtwara na Masasi. Mei 22, 2013, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilipowasilishwa Dodoma na kuthibitisha kwamba bomba liko pale pale, mji ukawaka tena. Jeshi likaingia mitaani. Watu walikufa, wengine wakajaa mahabusu. Sitetei kuchoma nyumba wala kuvunja maduka, kwani aliyechomewa naye alikuwa mwananchi. Ninachouliza ni hiki: kwa nini serikali ilikuwa na mbio za kupeleka askari kuliko za kupeleka majibu?

Bomba lilijengwa. Kilomita zaidi ya 500 kutoka Madimba hadi Dar es Salaam, kwa mkopo wa China wa zaidi ya dola bilioni moja, likazinduliwa mwaka 2015. Na Mtwara? Mwaka 2017, miaka miwili tu baada ya shamrashamra, mji wa Mtwara uliingia kwenye mgao mkali wa umeme kwa sababu mitambo yake ilikuwa imeharibika. Gesi inapita chini ya miguu kwenda kuwasha viyoyozi vya Masaki, mwenye mji anatafuta kibatari. Na sheria iliyokuwapo bomba lilipofunguliwa iliiruhusu halmashauri itoze ushuru wa huduma usiozidi asilimia 0.3 ya mauzo. Usisome haraka: si asilimia tatu. Ni shilingi tatu katika kila shilingi elfu moja. Hiyo ndiyo bei ya kuwa "wamoja".

Njoo sasa baharini. Mwaka 2000 serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kilomita za mraba 650. Mvuvi akaambiwa kokoro mwiko, mikoko usiguse, matumbawe ni urithi wa vizazi vijavyo. Akikamatwa na nyavu haramu, zinachomwa moto na yeye anapelekwa mahakamani. Vema, bahari ikifa sote tunakufa njaa. Lakini visima vya gesi vimo ndani ya mipaka ya hifadhi hiyo hiyo! Mwenye mtumbwi anaitwa mharibifu wa mazingira, mwenye mtambo wa kuchimba anaitwa mwekezaji. Wavu wa mlalahoi unatisha samaki, ila mtambo wa tajiri samaki wanaupigia makofi?

Kwenye korosho ni hadithi ile ile. Sheria ya mwaka 2009 ilisema asilimia 65 ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje irudi kuendeleza zao lenyewe. Juni 2018 Bunge likabadili, fedha yote ikaenda mfuko mkuu wa serikali. Hata wabunge wa chama tawala wa Kusini walipiga kelele, wakanyamazishwa. Novemba mwaka huo Rais John Magufuli akaliamuru jeshi lisombe korosho kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilikuwa tamu masikioni, lakini wakulima wengi walikaa miezi wakisubiri malipo. Na mwenye kilo zaidi ya 1,500 akaambiwa kwanza aonyeshe shamba lake, isije ikawa ni kangomba.

Hapo ndipo ninapotaka vijana tusimame kidogo. Mkulima wa Newala na Tandahimba, mwenye gunia zake, anatakiwa kumpeleka mkaguzi hadi kwenye shina la mkorosho. Je, ni lini umeona kigogo mwenye maghorofa matatu na shangingi mbili akiambiwa "twende utuonyeshe shamba"? Yeye anajaza fomu, anaipeleka Sekretarieti ya Maadili, basi. Haibandikwi ukutani mwa ofisi ya kijiji.

Haikuwa hivi siku zote. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa, mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Mwaka 1991 wakubwa walikutana Zanzibar wakajifungulia mlango. Tangu hapo kujinyima kumebaki kuwa somo la walalahoi. Wao waliachana na Azimio, sisi tukaachiwa kufunga mkanda.

Wala tusijidanganye kwamba maradhi haya yako upande mmoja. Mwaka 2015 sanduku la kura lilijibu kilio cha gesi: Mtwara Mjini na Tandahimba zikaenda CUF, Ndanda ikaenda CHADEMA. Kufikia uchaguzi wa 2020, wawili kati ya wabunge hao watatu walikuwa wamevaa kijani. Kumbe hata kwetu kuna wanaoona kilio cha wananchi ni ngazi ya kupandia, wakifika darini wanaisukuma kwa teke.

Wanaowaita watu wa Kusini wabinafsi wafungue historia. Wakati wa kuikomboa Msumbiji, hadi uhuru wake mwaka 1975, ni vijiji vya kando ya Ruvuma vilivyoishi na vita mlangoni na kuwapokea wakimbizi. Hawakuuliza watalipwa asilimia ngapi. Na wewe machinga unayefukuzwa na mgambo Kariakoo, kumbuka jina hilo limetokana na Wamachinga wa Lindi. Wangepata kazi kwao, wangefuata nini kuzunguka juani na mashati begani?

Kwa hiyo tuanze na kilicho karibu. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kila baada ya miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu. Vijana mnaosaka riziki mjini, mkirudi nyumbani msiishie kukaa barazani. Nendeni mkutanoni, nyoosheni mkono, ulizeni ushuru wa gesi umeingia kiasi gani na umejenga nini. Jibu likiwa "hilo ni suala la kitaifa", msikae chini. Mwambieni kwa adabu: "Mheshimiwa, na sisi ndio Taifa."

Akiita huo ni uchochezi, basi atuambie Taifa lake lina watu gani.