Dhahabu ya Kakamega na Deni la Ardhi

Mimi ni mtu wa pwani. Mashimo niliyoyazoea ni visima vya misikiti. Nilipopelekwa Rosterman, kando ya mji wa Kakamega, nilishikwa na woga. Kijana mchimbaji aliyenitangulia alininyooshea mkono: "Mzee, usisogee zaidi. Udongo huu hauaminiki." Nikainama palepale, nikachungulia. Giza tupu, na ubaridi ukipanda kutoka chini.

Humo ndimo Waingereza walimofukua dhahabu. Mmarekani L. A. Johnson aliigundua mwaka 1931, Wazungu wakamiminika, na mgodi wa Rosterman ukachimbwa hadi ulipofungwa mwaka 1952. Wenye kampuni wakaenda zao, mahandaki yakabaki. Leo vijana wa hapa huingia ardhini kwa sululu, kamba na tochi, na mara kwa mara kifusi huwafukia.

Lakini, ndugu msomaji, lipo shimo lililonitisha zaidi. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni iliweka sheria ya kuwahakikishia Waafrika ardhi yao ya hifadhi milele: ikitwaliwa, walipwe ardhi nyingine, tena washauriwe. Dhahabu ilipoonekana, sheria ikageuzwa mwaka 1932. Fedha zikatosha kuwa fidia, wala baraza la wenyeji halikulazimika kuulizwa. Hiyo milele ilidumu miaka miwili.

Nayakumbusha haya kwa kuwa dhahabu imerudi midomoni mwa watu. Kampuni ya Shanta Gold imetaka kufungua mgodi Isulu na Bushiangala, huko Ikolomani, na suala la kuwahamisha wenyeji likazua ghasia mwaka 2025. Nasi wa pwani tusiseme hayatuhusu. Nani kwetu hajasikia habari ya shamba la babu lenye hati ya mtu asiyejulikana?

Sipingi uchimbaji, riziki hutafutwa hata chini ya ardhi. Ninalodai ni kwamba mwenye ardhi aulizwe kwanza, naye ajibu kwa hiari yake. Na Sheria ya Madini ya 2016, inayomtambua mchimbaji mdogo, imfikie huko shimoni kabla ya kifusi.

Tangu chuoni tulifundishwa kisa cha Karuni, aliyedidimizwa ardhini pamoja na nyumba yake. Yule alikuwa tajiri mwenye kiburi. Hawa wanaofukiwa Kakamega ni maskini watafutao chakula cha jioni.