Akaunti kwa Jina la Mwenye Jasho



Hazipiti siku nyingi hapa Pwani bila ya nyumba kuagana na binti au mama aendaye Saudia kufanya kazi za nyumbani. Twamwombea salama, twamuusia swala na stara. Lakini jambo moja twalisahau: ujira wake utaingia wapi, na kwa jina la nani?

Qur'ani Tukufu, katika Surat An-Nisaa, yatambua fungu la mwanamke katika alichokichuma, kama itambuavyo la mwanamume. Naye Mtume wetu (s.a.w.) ameagiza mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Tangu Julai 2024, Saudia imewataka waajiri wenye mikataba mipya walipe watumishi wa nyumbani kwa njia za benki au pochi za kidijitali, kupitia Musaned. Faida yake ni kubwa. Malipo ya mkononi hayaachi alama. Ya benki yana tarehe na kiasi, nao ndio ushahidi pakizuka mzozo.

Mgeni hafungui akaunti huko kwa pasipoti peke yake. Hutakiwa iqama, yaani kitambulisho cha ukaazi, na namba ya simu iliyosajiliwa kwa iqama hiyo hiyo. Laini ikiwa ya mwajiri, namba za siri za benki zitamfikia yeye, na ufunguo wa sanduku utakuwa wake. Basi binti aombe mapema iqama ikae mkononi mwake na laini isajiliwe kwa jina lake. Pasipoti pia ni yake. Mwajiri haruhusiwi kuizuia. Tena aangalie tarehe: iqama ikipitwa na muda, benki huweza kuizuia akaunti. Na kabla ya kurejea moja kwa moja, ahamishe fedha zake zote.

Yabaki ya huku nyumbani. Ujira ukitumwa wote kwa simu ya kaka au mume, huisha kidogo kidogo katika haja za kila siku. Mama hurudi baada ya miaka miwili, hakuna kiwanja wala akiba, na udugu umeingia ufa. Si lazima awepo mwizi. Fedha isiyogawanywa haina mwenyewe. Afungue akaunti yake hapa kabla ya safari. Anayechelea riba ajue kuwa tangu 2008 Kenya ina benki zinazofuata sharia. Fungu la wazee na watoto lijulikane, na fungu lake libaki.

Aya ya deni katika Surat Al-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote, yatuhimiza kuandika. Tuandikiane basi, wazazi wenzetu, kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Kuandikiana si kushukiana. Ni kuyahifadhi mapenzi.

Allah awalinde walio mbali na azibariki chumo zao. Amin.