Injini Mpya katika Gari Kuukuu: Breki Zitangulie Nguvu

Starlet ya mwisho ya Kijapani ilitoka kiwandani mwaka 1999, na nafasi yake ikachukuliwa na Vitz. Jina hilo limerejeshwa miaka ya karibuni kwa gari jingine linalotengenezwa India, lakini tunalolizungumzia leo ni lile la zamani ambalo wananchi wa Visiwa hivi wanalifahamu vyema. Kila Starlet ya namna hiyo imekwisha kutimiza robo karne, na nyingine zimepindukia miaka thelathini. Bodi nyingi zingali zinavumilia. Injini ndizo zinazosalimu amri. Hapo ndipo mwenye gari anaposimama mbele ya fundi na kuulizwa: turejeshe injini ile ile, au tutie nyingine yenye nguvu zaidi?

Swali hilo si la mwenye gari na fundi wake peke yao. Linamhusu kila mwenye kutembea kando ya barabara, na linaihusu Serikali, ambayo imelisajili gari hilo likiwa na injini fulani na nguvu fulani.

Rai zinazosikika ni mbili. Ya kwanza yasema kwamba kubadilisha injini ni utundu wa vijana wapenda mbio, na kwamba dawa yake ni kupiga marufuku. Ya pili yasema kwamba gari ni mali ya mtu, naye ana hiari ya kulitia injini aitakayo maadamu amelipa kwa fedha yake. Sisi hatuungi mkono hata moja kati ya hizo. Marufuku itawanyima wananchi njia halali ya kuyaendeleza magari yao, ilhali si kila mtu ana uwezo wa kuagiza jingine. Hiari isiyo mpaka nayo itaviweka barabarani vyombo ambavyo nguvu zake zimezidi uwezo wake wa kusimama.

Ili tuhukumu kwa haki, hatuna budi tulifahamu jambo lenyewe. Starlet za mwisho, yaani za muundo wa EP82 zilizoanza mwishoni mwa 1989 na za EP91 zilizofuata mwaka 1996, nyingi zilitiwa injini ya 4E-FE. Ujazo wake ni sentimita 1,331, na katika EP91 ilitoa nguvu za farasi 85 hivi. Katika ukoo huo huo Toyota ilitengeneza injini nyingine mbili zinazotuhusu. Moja ni 5E-FE. Upana wa silinda zake ni milimita 74, sawasawa na wa 4E, lakini pistoni zake husafiri milimita 87 badala ya 77.4, na kwa hiyo ujazo wake umefika sentimita 1,497. Ndiyo iliyotiwa katika Raum ya mwanzo, iliyotoka mwaka 1997. Nyingine ni 4E-FTE, yenye ujazo ule ule wa 1,331 lakini yenye turbo. Hiyo ilitiwa katika Starlet GT Turbo na baadaye katika Glanza V, na ilitoa nguvu za farasi 135, yaani zaidi ya mara moja na nusu ya nguvu za Starlet ya kawaida.

Basi njia zilizo mbele ya mwenye gari ni tatu. Ya kwanza ni kuifufua injini yake mwenyewe kwa ringi, beringi na gasketi mpya. Njia hii haina sifa kijiweni, lakini haibadilishi kitu katika kadi ya gari wala haizidishi mzigo kwa giaboksi na breki. Ya pili ni 5E-FE ya Raum. Kwa kuwa injini hizi ni za ukoo mmoja, kazi ya kuitia haihitaji kukata bodi. Raum ilikuja na gia za otomatiki; mwenye Starlet ya gia za mkono atabakisha giaboksi na klachi yake, ila kontrol boksi na wayaringi lazima viafikiane na injini iliyotiwa. Faida yake haimo katika mbio. Imo katika mvuto wa chini: gari lenye abiria wanne na mizigo yao hupanda kilima bila ya kulia. Kwa mwananchi wa kawaida, rai yetu ni kuwa hii ndiyo njia bora endapo ya kwanza imeshindikana.

Njia ya tatu ndiyo inayowavutia vijana, nayo ni ya turbo. Hapa tunataka kusema kwa kirefu, kwa kuwa hapa ndipo penye hatari.

Turbo hutumia moshi unaotoka katika injini kuzungusha gurudumu dogo, na gurudumu hilo likasukuma hewa ndani ya silinda. Hewa ikizidi, petroli nayo lazima izidi kwa kadiri yake. Petroli ikipungua, au ikiwa ya daraja la chini kuliko linalotakiwa, mchanganyiko huripuka kabla ya wakati wake, na pistoni hugongwa hata ikatoboka. Kwa sababu hiyo wahandisi wa Toyota waliipa 4E-FTE pistoni zenye mkandamizo mdogo kuliko za 4E-FE, wakaikusudia itumie petroli ya daraja la juu inayouzwa Japani, na wakaiwekea chombo cha kupoza hewa juu ya injini. Boneti ya gari hilo ina tundu la kupitisha upepo, na tundu hilo si pambo.

Kutokana na hayo yafuata mambo matatu. Mosi, kuchukua turbo peke yake na kuifunga katika 4E-FE ya kawaida, yenye mkandamizo mkubwa na isiyo na utaratibu wa kuzidisha petroli, ni kuitafutia injini kifo cha mapema. Pili, chombo cha kupoza hutegemea ubaridi wa upepo wa nje. Kwetu, adhuhuri ya kaskazi, upepo huo una joto. Anayetarajia kupata Unguja nguvu zile zile zilizopimwa Japani katika baridi anajidanganya, na anayeongeza msukumo wa turbo ili kuzifidia anaikaribia hatari hatua moja zaidi. Tatu, anayetaka turbo achukue mkusanyiko mzima: injini, kontrol boksi yake, chombo cha kupoza, rejeta inayotosha, na giaboksi iliyotengenezwa kwa mzigo huo, yaani C52 katika EP82 au C56 katika EP91. Tena achukue na breki.

Kwa breki tunafika kwenye kiini cha maoni haya. Gari la turbo lilipotoka kiwandani lilikuwa na diski za mbele kubwa zaidi, zenye nafasi ndani ya kupitisha upepo. Waliolitengeneza walijua kanuni ambayo kila mwanafunzi wa sekondari hufundishwa: nguvu iliyomo katika chombo kinachokwenda hukua kwa mraba wa mwendo wake. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa halina mara mbili ya nguvu ya lile linalokwenda 40; lina mara nne. Anayetoka 60 akafika 90 ameipa breki kazi ya mara mbili na robo, na masafa ya kusimama, breki zikishakamata, yamekua kwa kadiri hiyo hiyo. Seuze breki zenyewe zikiwa na umri wa miaka thelathini, na mabomba yake ya chuma yakiwa yameliwa na chumvi ya bahari, jambo ambalo mkaazi wa visiwani halihitaji kuelezwa.

Unguja yote, toka ncha ya kaskazini hata ya kusini, ni takriban kilomita 85. Muda anaouokoa mwenye gari la farasi 135 katika safari ya shamba na mjini ni dakika chache. Anaowapita njiani ni watoto wanaotoka skuli na chuoni, wazee wa baiskeli na magari ya ng'ombe. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani duniani, na kwamba ajali hizo ndizo sababu ya kwanza ya vifo vya watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Ni umri wa mtoto wa skuli, na ni umri wa kijana aliyeshika usukani.

Upo pia upande wa karatasi. Kadi ya gari huandikwa namba ya shasi na namba ya injini. Injini ikibadilishwa na kadi ikaachwa vile vile, gari limekuwa na maneno mawili yasiyopatana. Anayelinunua kesho hana njia ya kujua kama injini ilinunuliwa kwa halali au iliibwa. Na siku ya ajali, kampuni ya bima inayogundua kwamba gari lina nguvu ambazo haikuarifiwa hupata hoja ya kubishana na madai, na anayeumia ni yule aliyegongwa.

Mataifa mengine yamekwisha kulifikiria jambo hili. Japani, zilikotoka injini hizi, aina ya injini huandikwa katika cheti cha ukaguzi wa gari, na anayeibadilisha kwa aina nyingine hana budi apeleke maombi na gari likaguliwe upya. Uingereza mwenye gari huwajibika kuarifu mamlaka ya usajili pindi injini inapobadilishwa. Australia ukubwa wa injini inayoruhusiwa hupimwa kwa uzito wa gari, na yenye turbo huwekewa kipimo kikali zaidi. Hakuna hata moja kati ya nchi hizo iliyozuia ufundi. Zote zimeuwekea mlango wenye bawabu.

Rai yetu kwa idara zinazohusika na usajili na usalama wa barabarani ni kwamba mlango huo na uwe mpana na wa bei nafuu. Karatasi moja ya ukaguzi yatosha kuanzia: risiti ya injini, namba yake, ujazo, ina turbo au haina, hali ya breki, mauntingi, mabomba ya petroli na rejeta. Mkaguzi akiridhika, kadi irekebishwe siku hiyo hiyo. Ada ikiwa kubwa, au safari za kwenda ofisini zikiwa nyingi, wananchi watarudi kujificha, na Serikali itabaki na kadi zisizosema kweli. Aidha injini yenye turbo katika gari lisilozaliwa nayo isipitishwe mpaka breki nazo zibadilishwe.

Kwa mafundi tunasema: kijana anayeweza kuitoa injini ya Raum na kuitia katika Starlet ikawaka bila ya hitilafu ana elimu ya kweli, nayo ni mali ya nchi. Lakini fundi aliyekabidhiwa gari amekabidhiwa amana, na amana hiyo ni pamoja na roho za watu asiowajua. Ana haki, na ana wajibu, wa kumwambia mteja kwamba hatatia injini kubwa katika gari lenye breki dhaifu, hata mteja akiwa na fedha mkononi.

Kwa wenye magari tunasema: kabla ya kuuliza bei ya turbo, ulizeni bei ya diski, pedi, mabomba ya breki na matairi. Ikiwa fedha haitoshi kwa vyote viwili, basi nunueni hivyo, na injini ya zamani ifufuliwe.